Chumba Kisichoitika

Mama Kavira tulimzika asubuhi, na alasiri ile ile, udongo ukiwa bado mbichi juu yake, nilikuwa nimekwisha kusikia habari za nyumba yake zikisimuliwa kwa namna tatu, na zote tatu za uongo. Tulikuwa tumeketi uani kwake, hapa Goma, chini ya turubai, wanaume upande wa ukuta wa mawe meusi, wanawake upande wa jiko wakimenya ndizi za waombolezaji. Kijana mmoja mwenye viatu vilivyong'aa alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba mwaka wa vita, katika uwanja huu, wafu walikuwa wakila umeme. "Kule nyuma, mu shimo, mama mumoja alikufia mule," alisema. "Taa yake, ampoule, ikabakia inawaka. Banazima grupu, yeye anawaka tu." Mwenzake alimsahihisha: haikuwa mama mmoja, ilikuwa familia nzima. Wa tatu akaapa kwamba mjomba wake aliuona mwanga huo kwa macho yake. Kisha wakanigeukia. "Muzee Prof, si weye ulikuwa unakaa hapa? Utuambie, ni kweli?" Niliwaambia kwamba nakunywa chai. Sikuona sababu ya kubishana na watu waliokwisha kupata jibu kabla ya kufanya hesabu. Watu wa namna hiyo nimewafundisha maisha yangu yote. Lakini niliporudi nyumbani niliona ni vizuri kuandika nilichokiona mwenyewe, na kukitenganisha na kile nilichoambiwa.

Nilikuwa mwalimu kijana wa umeme katika shule moja ya ufundi, nimepanga chumba kwa Mama Kavira, si mbali na kambi ya askari ya Katindo. Mama Kavira alikuwa Mnande wa Butembo, mjane, mfanyabiashara wa maharagwe aliyeyaleta kwa magari kutoka Rutshuru mpaka barabara ilipofungwa na vita. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha moja lililotazama nyuma, na nyuma hakukuwa na kitu ila mawe: mawe ya volkano, meusi, yenye ncha, yaliyoganda yakiwa yanatiririka, hata ukiyatazama machweo unaona kama yanakusudia kuendelea. Katikati yake kulikuwa na shimo, pango la kina cha mtu na zaidi, lililozibwa kwa mbao na mabati. Miaka miwili kabla, wakimbizi walipoushukia mji huu kama maji, familia moja iliingia humo kujikinga na mvua, na haikuamka. Hilo si uvumi. Mama Kavira mwenyewe alisaidia kuwatoa. Wenyeji huita hewa hiyo mazuku. Hutoka chini ya ardhi, haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, na pasipo upepo hujikusanya mabondeni na mashimoni kama maji yasiyoonekana. Kuku akiingia humo hulala. Mshumaa ukiushusha humo huzimika, na ndiyo njia tuliyokuwa nayo ya kujua mazuku yamefika wapi. Watu wa mtaa walisema kwamba familia ile bado ilitafuta taa yake. Mimi nilisema kwamba watu wa mtaa wanywe maji walale.

Mwaka huo umeme wa mji ulikuwa umekatika, nasi tuliishi kwa grupu, yaani mashine ya dizeli ya Mama Kavira, iliyokaa katika kibanda cha bati kando ya jiko na kuwashwa jioni hadi baada ya chakula. Tulikula mezani kwake wote: yeye, mimi, na Papa Bahati, karani mstaafu aliyepanga chumba cha mbele na kukusanya habari za mji mzima bila kutoka nyumbani. Bugali wa muhogo, sombe ya majani yake, vidagaa vya sambaza vya kukaanga siku ziwa lilipotoa, na juu ya meza taa moja iliyotetemeka kwa mdundo wa injini. Ukimaliza kula ulikwenda chumbani kwako ukangoja. Mama Kavira hakukubali kabisa grupu izimwe ikiwa bado na mzigo. Fundi aliyemuuzia alimwonya kwamba inaharibika, naye alimtii fundi huyo kuliko padri. Basi alisimama mlangoni pa jiko akaita, "Nani bado?" Kila mtu alizima taa yake na kuitika kutoka chumbani, "Kwangu ni giza!" Papa Bahati aliitika kwa sauti ya kuimba misa. Mimi nilikuwa wa mwisho kuitika, kwa kuwa kazi ya kuzima ilikuwa yangu: nilisimama kibandani mbele ya ubao wa vipimo, nikautazama mshale wa ampea ukishuka chumba kwa chumba hadi sifuri, ndipo nikakata mafuta.

Jioni moja vyumba vyote viliitika, na mshale haukufika sifuri.

Uliinuka kidogo tu juu ya alama, kiasi cha unene wa ukucha. Niligonga kioo. Haukushuka. Niliita tena mimi mwenyewe, "Nani bado?" Wakaitika tena, mmoja mmoja, kutoka gizani. Nilitoka nikazunguka nyumba, nikachungulia kila dirisha. Hakukuwa na mwanga popote. Niliporudi mshale ulikuwa pale pale, umetulia kabisa. Nataka nieleweke. Kitu kibovu hutetemeka, huruka, hutoa cheche. Mshale ule haukutetemeka. Kulikuwa na mtu, au kitu, kilichoendelea kula umeme kwa utulivu mahali fulani ndani ya nyumba ambayo kila aliye hai ndani yake alikuwa amekwisha kusema kwake ni giza. Nilikata mafuta, na nikiri kwamba nilitembea upesi kurudi chumbani.

Kesho yake jioni ilikuwa hivyo hivyo. Papa Bahati, nilipomweleza mezani, aliweka tonge chini. "Njo bale wafu ba mu shimo," alisema. "Wako wanaomba moto. Watu walikufa na baridi, Prof, unafikiri sasa wataacha kuota moto?" Mama Kavira alimwongezea sombe, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Mimi nilikwenda shuleni nikaazima vipimo viwili, kipima-omu na kipima-ampea cha maabara, maana cha ubaoni kilikuwa cha zamani na hakikuweza kusomwa vizuri katika namba ndogo. Nilianza grupu ikiwa imezimwa, taa zote zimezimwa: nilishika nyaya mbili zinazotoka ubaoni kwenda nyumbani nikapima ukinzani kati yake. Kama hakuna kitu mwishoni mwa nyaya, ukinzani hauna kikomo. Nilipata omu sitini na tano. Hesabu yake ni ya mtoto wa darasa la kwanza la ufundi: volti mia mbili na ishirini, uzigawe kwa sitini na tano, unapata mkondo wa ampea tatu na kitu, zidisha mkondo huo kwa volti zile zile, unapata wati zaidi ya mia saba. Wati mia saba si taa. Ni jiko la umeme, lile tunaloliita réchaud. Nilimwambia Papa Bahati kwamba wafu wake wanapika.

Kisha nikawasha grupu, nikaunganisha kipima-ampea cha maabara, vyumba vikaitika giza, na nikasoma: sifuri nukta ishirini na saba. Si ampea tatu. Robo ya ampea. Gawanya volti kwa mkondo huo, ukinzani ni zaidi ya omu mia nane. Zidisha, nguvu ni wati sitini. Nilizima, nikapima tena: sitini na tano. Nikawasha: mia nane. Kitu kile kile, nyaya zile zile, kilikuwa na ukinzani mmoja kikilala na mwingine kikiamka. Papa Bahati, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na blanketi mabegani, alicheka hata akakohoa. "Ona sasa! Prof, wafu wako na résistance mbili! Moja ya muchana, moja ya magaribi! Utaandika nini ku tableau?" Kwa siku kadhaa nilivishuku vipimo, nikaishuku mikono yangu, na nikilala nikitazama dirisha la nyuma, yale mawe, yale mabati juu ya shimo, niliona aibu kwamba nilikuwa nimeanza kusikiliza.

Jibu lilinijia darasani, nikiwa nimempa mwanafunzi balbu aizungushe mkononi. Uzi wa ndani ya balbu ukiwa baridi hupitisha umeme kwa urahisi. Ukiwaka, ukapata joto la kuyeyusha chuma, ukinzani wake hupanda mara kumi na zaidi. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo kila mwaka na sikulikumbuka nilipolihitaji. Katika nyumba kama ile kuna kitu kimoja tu chenye tabia hiyo. Jiko la umeme halibadiliki kiasi hicho. Pasi haibadiliki kiasi hicho. Mahali fulani kulikuwa na taa moja ya wati sitini, inawaka vizuri, na hakuna aliyeiona. Na taa haijiwashi kwa ajili yake yenyewe.

Nilimweleza Mama Kavira mezani, Papa Bahati akiwa ametoka. Nilimweleza kama mtu anayeleta habari njema: si wafu, Mama, ni balbu. Aliinuka akafunga mlango. "Prof," alisema polepole, "hesabu yako umeambia nani?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Basi imalizike hapa ku meza. Ukipita na yo ku barabara, wataua mutu." Akaniambia. Shimoni mlikuwa na msichana aliyeitwa Furaha, Mhunde kutoka vilima vya Masisi, muuguzi aliyemtibu Mama Kavira mwenyewe alipougua. Alikuwa amemfunga jeraha kijana mmoja wa upande wa pili wa vita, kwa kuwa aliletwa akivuja damu, na mtu akamchongea kwa askari. Wenzake wawili wa zamu hiyo walikuwa wamechukuliwa na hawakurudi. Mama Kavira alimshusha shimoni kwa kuwa ni mahali pekee ambapo hakuna jirani ambaye angethubutu kuchungulia, na fundi yule yule wa grupu alimpitishia waya chini ya changarawe. Balbu ilitundikwa chini kabisa, karibu na sakafu, ili mwanga usipenye mbao. Na mazuku? "Iko na mushumaa ku miguu," alisema. "Ukizimika, anapanda ku kreti, anaweka kichwa juu, anangojea upepo. Lakini mishumaa inaisha, Prof. Ku soko hakuna. Nikiweka jicho ku tundu ya mubao nikaona mwanga kidogo, najua yuko muzima."

Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza, na haukuwa woga wa hadithi. Nilimwambia, "Mama, ule mwanga hauonyeshi kitu. Mshumaa unahitaji hewa kama sisi. Balbu imefungwa ndani ya kioo chake, haivuti hewa ya mtu. Mazuku yakijaa hadi juu, itaendelea kuwaka vile vile." Aliisukuma sahani yake mbali. Nilielewa kwamba nilikuwa nimemnyang'anya kitu ambacho kilimfanya alale.

Basi nilimtafutia kingine. Tulikubaliana, naye akampelekea Furaha ujumbe pamoja na chakula: vyumba vyote vikiisha kuitika, nitapunguza mwendo wa injini. Volti zitashuka, taa yake itakuwa nyekundu kama kaa. Akiona hivyo, azungushe balbu kwa kitambaa hadi izimike, na aikaze tena grupu ikizimwa. Mshale wangu utaanguka sifuri, nami nitajua kwamba kuna mkono ulioizungusha. Tangu jioni hiyo nyumba ilikuwa na chumba kimoja zaidi kilichoitika, bila sauti. Nilipunguza mwendo, nikangoja, mshale ukalala. Mama Kavira alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda. Nilimwambia, "Kwake ni giza," naye akajishika kifua na kwenda kuosha vyombo.

Askari walikuja tukiwa mezani. Waliingia bila kelele, jambo lililonitisha kuliko kelele, na mkubwa wao alikuwa adjudant mwenye sauti ya upole, mtu aliyesoma. Waligeuza vitanda, wakachoma magunia ya maharagwe kwa vyuma. Walipokosa, adjudant hakukasirika. Alisikia mdundo wa grupu, akatuuliza inaendeshwa na nani, akanifuata kibandani. "Zimeni taa zote," aliamuru. Mama Kavira, kwa sauti ambayo sikuitambua, akaita, "Nani bado?" Tukaitika. Adjudant aliinamia ubao, akakimulika kioo kwa tochi yake. Mshale ulikuwa umeinuka unene wa ukucha.

"Nyumba inaweza kudanganya," alisema, kana kwamba anazungumza na mwanafunzi. "Tableau haidanganyi. Kuko mutu anakula courant. Ni nani, Prof?"

Aliona kipima-omu cha shule juu ya kisanduku, akakichukua kwa mkono uliokizoea. "Zima." Nikazima. Alishika nyaya, akasoma, akatabasamu. "Sitini na tano. Deux cent vingt, gawanya... Ni wati mia saba na kitu. Ni réchaud! Munaficha réchaud, au munamupikia mutu?"

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Alikuwa amefanya kosa langu, tarakimu kwa tarakimu. Lakini alikuwa pia ameuona mshale. Kama angeuliza kwa nini wati mia saba zinainua mshale unene wa ukucha tu, angefika kwenye balbu, na kutoka kwenye balbu angefika shimoni. Nikaona paji la uso wake linakunjamana. Aliugeukia ubao tena. "Lakini ampèremètre ilionyesha kidogo sana," alisema. "Inafanya kazi hii?"

"Ni ya zamani sana, adjudant," nilisema. Na ilikuwa ya zamani.

"Inakaa tu kama muzee," alisema, akacheka. Akapaza sauti kuelekea jikoni: "Mama, leta réchaud!" Mama Kavira alikuwa nayo moja, yenye kutu, ya siku za umeme wa mji. Aliitoa nyuma ya mapipa, akaiweka miguuni pa adjudant, akaanza kuomba msamaha kwa kuisahau kwenye waya. Sijapata kuona mtu akiomba msamaha vizuri hivyo. Adjudant akampa askari aibebe. Nami, ambaye sijapata kuiacha hesabu mbaya ubaoni bila kuisahihisha, niliiacha ile.

Lakini hawakuondoka. Mvua ilitishia, akaamuru walale uani hadi alfajiri, na grupu isiwashwe. Askari mmoja alianza kuelekea mabati ya shimo, akitafuta pa kujikinga. Papa Bahati, ambaye hakujua lolote juu ya Furaha, alimwita kwa huruma ya kweli: "Weye mutoto, hapana! Mule kulikufa familia muzima! Bado banaitaka joto, batakukumbatia!" Yule kijana akarudi mbio. Nilimdharau Papa Bahati miaka mingi kwa uvumi wake, na ni haki niandike kwamba uvumi huo ulilinda mlango ambao mimi nisingeweza kuulinda kwa hesabu yoyote.

Mvua haikunyesha. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Kila aliyekaa Goma anajua maana ya hewa iliyosimama.

Kulipoanza kupambazuka walishuka kuelekea Katindo. Niliwasha grupu. Mshale uliinuka unene wa ukucha. Taa ilikuwa inawaka. Nikapunguza mwendo, injini ikagugumia, volti zikashuka. Nikangoja mshale uanguke. Haukuanguka. Nikarudisha mwendo, nikapunguza tena. Umetulia kabisa, kama jioni ya kwanza. Mama Kavira alikuwa amekwisha kuanza kukimbia juu ya mawe bila viatu.

Tulivuta mabati, tukang'oa mbao. Niliona taa kwanza. Ilikuwa chini kabisa, safi, tulivu, inaangaza blanketi, kikombe, na mshumaa uliozimika ukiwa bado mrefu. Ilikuwa inawaka katika hewa ambamo moto wowote usingeweza kuishi, na ilionekana kuwa na afya njema. Kisha kitu kikanigusa mkono. Alikuwa pale pale chini ya ubao wa mwisho, amesimama juu ya kreti, uso umebanwa kwenye mwamba, midomo kwenye ufa. Alikuwa amesimama hivyo tangu mshumaa ulipozimika. Aliona taa ikiwa nyekundu, alijua tunauliza. Hakuweza kuinama kuijibu, maana jibu lilikuwa chini ya miguu yake na mazuku yalikuwa kiunoni. Tulimvuta kwa mabega. Kuku wa Mama Kavira aliyetufuata aliruka ndani ya shimo kutafuta makombo, akatembea kidogo, akalala kando ya balbu.

Furaha aliondoka wiki hiyo, barabara ilipofunguliwa kidogo, ndani ya gari la maharagwe, kwa njia ya Kibati.

Sasa nirudi kwenye turubai. Jioni ya mazishi umeme ulikatika, wajukuu wakawasha grupu, na baada ya chakula nikaenda kibandani kwa mazoea ya miguu. Ubao ni ule ule. Njiani niliwapita wanawake wa jikoni; mmoja wao, mwenye mvi, kisu mkononi, alikuwa amemenya ndizi alasiri nzima akimsikiliza yule kijana akimuua shimoni. Nilimuuliza kwa nini hakumsahihisha. "Acha nife, Prof," Furaha alisema bila kuinua macho. "Hadithi yake ni tamu kuliko yangu, na mimi niko na kazi."

Wanawake walipokwisha kuingia kulala, mjukuu mmoja alisimama mlangoni pa jiko, mahali pa bibi yake, akaita, "Nani bado?" Vyumba vikaanza kuitika. Chumba cha mbele. Chumba changu cha zamani, kwa sauti ya mtoto nisiyemjua. Mshale ukashuka, ukashuka, ukasimama unene wa ukucha juu ya sifuri. Nikashika kitasa cha mwendo, mkono ukiwa umekwisha kujua la kufanya, nikangoja.

Swichi ikalia nyuma ya nyumba, chumba cha upande wa mawe. "Na kwangu," ilisema sauti ya Furaha, taratibu, "ni giza."

Ndipo nikakata mafuta.